Mbio za Motokaa na Daftari Lake

Mtu akisimama kando ya njia ya vumbi karibu na Naivasha siku ya mashindano, husikia mngurumo kabla hajaona kitu. Kisha vumbi huinuka nyuma ya migunga, motokaa hutokea ikienda upande upande, hurusha changarawe huku na huko, nayo hutoweka. Mambo hayo yote hayatimizi nusu dakika. Watazamaji hupiga makofi, na vijana huambiana, "Dereva yule hana hofu hata chembe."

Husema hivyo kwa kuwa wamemtazama dereva peke yake. Hawakumwona mtu wa pili aliyeketi kando yake, ameinamisha kichwa, macho yake yamo katika daftari lililo juu ya mapaja, naye anasoma kwa sauti neno baada ya neno, mfano wa karani asomaye barua mbele ya baraza. Mtu huyo hashiki usukani wala hakanyagi breki. Lakini akikosea mstari mmoja, motokaa yaweza kwenda mtaroni na watu wote wawili ndani yake. Asiyemjua mtu huyo hajayajua mashindano haya, tena aweza kujifunza kwayo jambo baya badala ya jambo jema.

SAA NDIYO MPINZANI

Kuna mbio za motokaa za namna mbili ambazo watu huzichanganya. Namna ya kwanza ni zile za uwanjani. Motokaa zote huondoka pamoja, huzunguka njia ile ile mara nyingi, na ile inayotangulia kuvuka mstari wa mwisho ndiyo iliyoshinda. Hata mtoto mdogo aweza kuona kwa macho yake ni nani aliye mbele.

Namna ya pili ndiyo iitwayo rali. Hapa motokaa huondoka moja moja, zikipishana kwa dakika moja au zaidi, nazo hutoka mahali hadi mahali. Dereva aweza kwenda mbio tangu asubuhi hata jioni asimwone mshindani mwenzake ila vumbi lake. Mpinzani wake ni saa.

Njia yote hugawanywa sehemu mbili. Sehemu moja ni vipande vya mbio, yaani njia zilizofungwa kwa amri ili asipite mtu mwingine yeyote. Humo dereva huenda kasi kadiri awezavyo, na muda wake huhesabiwa mpaka sehemu ya kumi ya sekunde. Sehemu ya pili ni njia za kuunganisha kipande hiki na kile. Hizo ni barabara za watu wote, zenye mabasi, baiskeli na punda, na humo mshindani hutii sheria za barabara kama mtu mwingine. Akizidisha mwendo aweza kushtakiwa kama dereva wa lori, na waamuzi wa mashindano nao humpa adhabu yao.

Mwisho wa mashindano muda wa vipande vyote hujumlishwa, na adhabu zikiwapo huongezwa juu yake. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Katika Safari Rally ya mwaka 2021 vipande vilikuwa 18, na urefu wake wote pamoja ulikuwa kilomita 320 hivi. Mfaransa Sébastien Ogier alimshinda Mjapani Takamoto Katsuta kwa muda usiotimia nusu dakika. Hebu msomaji afikiri: siku kadhaa za vumbi na mawe, na tofauti yao haikuzidi muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyake.

KARANI WA MOTOKAA

Mtu wa pili ndani ya motokaa huitwa mwelekezi. Kazi yake moja ni kutunza kadi ya muda. Katika kila kituo kadi hiyo hutiwa saa ya kufika, nayo ndiyo hati ya safari yao yote.

Tuseme kadi yawataka wafike kituoni saa tatu na dakika 20. Wakiingia saa tatu na dakika 22, huongezewa sekunde 10 kwa kila dakika waliyochelewa, yaani sekunde 20. Huenda mtu akadhani kwamba kuwahi ni sifa. La, hasha. Wakiingia saa tatu na dakika 18, huongezewa dakika nzima kwa kila dakika waliyowahi, yaani dakika mbili. Maana ya sheria hiyo ni wazi: aliyewahi mno barabarani huenda amekimbia mahali asiporuhusiwa kukimbia. Ndiyo sababu washindani huonekana wamesimama nje ya kituo, injini ikinguruma, mwelekezi akiitazama saa yake, kama makarani wangojao mlango wa ofisi ufunguliwe.

Kazi yake iliyo kubwa zaidi ni ile ya daftari. Siku chache kabla ya mashindano, kila dereva na mwelekezi wake hupewa nafasi ya kupita katika kila kipande mara mbili, kwa mwendo uliowekewa mpaka. Dereva hutamka ayaonayo, na mwelekezi huandika. Kila kona hupewa namba kwa kadiri ya ukali wake. Wengi huita kona kali sana moja, na kona nyepesi huiita sita. Wengine huigeuza hesabu hiyo, wala hapana ubaya, mradi wawili hao waelewane. Kati ya kona na kona huandikwa urefu wa njia kwa mita. Kisha huandikwa hatari zilizopo: kilele kisichoonyesha mbele, korongo, daraja jembamba, au jiwe lililojificha ndani ya kona. Mara ya pili mwelekezi huyasoma yale aliyoandika, nao huyasahihisha pamoja.

Siku ya mbio, sauti ya mwelekezi humfikia dereva kwa vipaza sauti vilivyomo katika kofia zao ngumu. Husoma kwa namna hii: "Kulia tano, mia moja, kilele, kushoto mbili, usikate, jiwe ndani." Atamkapo kushoto mbili, dereva angali katika kulia tano, kwa maana maneno hayana budi kuyatangulia magurudumu. Akisoma mapema mno, dereva atasahau. Akichelewa, kona imekwisha kuwafikia. Kwa hiyo mwelekezi hodari huujua mwendo wa motokaa kwa mtikisiko wa kiti chake, bila kuinua macho kila mara.

Basi dereva apandapo kilele bila kuona upande wa pili, wala asiondoe mguu wake, si kwamba amejitupa mikononi mwa bahati. Maandishi ya juzi, yaliyoandikwa kwa akili tulivu, yamemwambia kwamba njia imenyoka. Jambo ambalo vijana huliita kutokuwa na hofu ni kuyaamini maandishi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwendo wa kasi nao ni mali ya namna hiyo.

TANGU MWAKA 1953

Rali hazikuanza Afrika. Ile ya Monte Carlo huko Ulaya ilianza mwaka 1911. Lakini iliyopata sifa ya ugumu duniani ni ile ya Afrika ya Mashariki, nayo ilianza mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa. Ilipewa jina la Coronation Safari, ikapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mmoja wa waliobuni jambo hilo alikuwa Eric Cecil, pamoja na binamu yake Neil Vincent. Vincent hakuona tamu yoyote katika kuzunguka uwanja mmoja kama ngamia wa kinu cha mafuta. Alitaka watu waingie katika motokaa zao, wafunge milango, waende mbali katika Afrika na kurudi.

Katika mashindano hayo ya kwanza motokaa ziligawanywa kwa bei zake dukani, si kwa ukubwa wa injini, ili mwenye motokaa ya bei ndogo apambane na mtu wa hali yake. Njia nazo hazikufungwa. Mshindani aliweza kukuta lori la pamba, kundi la ng'ombe au twiga mbele yake, naye alihesabiwa alama za adhabu kwa dakika alizochelewa kufika vituoni. Tangu mwaka 1960 mashindano yakaitwa East African Safari Rally, na tangu 1974 yakaitwa Safari Rally tu. Yalikuwa miongoni mwa mashindano ya ubingwa wa dunia tangu 1973 hata 2002, kisha yakarudishwa katika daraja hiyo mwaka 2021, kwa vipande vilivyofungwa.

Kwa miaka mingi mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua huanza, na kila mkulima ajua udongo mweusi huwa namna gani mvua ikinyesha. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikamaliza 7 tu. Walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1968 zikamaliza 7 tena, na washindi wakawa wale wale, kwa motokaa ya aina ile ile. Matope hayakuuliza injini ya nani ina nguvu zaidi. Yaliwapitisha wale waliojua lini waende, na lini washuke watazame kina cha mto kwanza.

Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa fundi wa motokaa kabla hajawa bingwa. Alikwenda kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine, na aliyeketi kando yake alikuwa ndugu yake Jaswant. Motokaa yao ilipewa namba moja, wakaondoka wa kwanza na kufika wa kwanza, wakimwacha aliyewafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, na watu wakamwita Simba wa Kenya.

Habari ya Shekhar Mehta yaonyesha thamani ya hesabu. Mwaka 1973 yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza na alama za adhabu zilizo sawa kabisa. Mshindi hakuweza kujulikana kwa kutazama barabarani. Ilibidi kurudi katika karatasi na kuona ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila kupoteza alama, naye akawa Mehta. Baadaye alishinda miaka minne mfululizo, tangu 1979 hata 1982, na mara zote nne mwelekezi wake alikuwa Mike Doughty. Madereva hodari walikuwa wengi katika miaka ile. Watu wawili walioketi pamoja muda mrefu hata mmoja akaujua mkono na sauti ya mwenzake, hao walikuwa wachache.

Tena si kazi ya watu wa namna moja. Mwaka 1961 wanawake wawili, Anne Hall na Lucille Cardwell, walimaliza wa tatu. Mwaka 1994 mshindi alikuwa Ian Duncan wa Kenya, na Patrick Njiru, Mkenya pia, akawa wa nne katika Subaru.

Hata katika siku za karibuni, kasi peke yake haijatosha. Mwaka 2021 Mbelgiji Thierry Neuville aliamka siku ya mwisho akiwa mbele ya wote kwa karibu dakika moja. Katika kipande cha kwanza cha asubuhi, huko Loldia, kizuia-mtikisiko cha gurudumu la nyuma kilivunjika, na mashindano yakamwishia hapo. Ogier, ambaye naye alikuwa amepata hasara ya namna hiyo siku ya kwanza, alitengeneza, akaendelea kwa subira, akashinda.

JIWE LISILOMO DAFTARINI

Sasa liko neno linalowahusu wale ambao hawatashika usukani wa rali hata siku moja, yaani watu wa kando ya njia, wenye mashamba, mifugo na watoto.

Daftari la mwelekezi liliandikwa juzi. Mambo yaliyokuwapo juzi yamo ndani yake. Jiwe lililowekwa leo na kijana apendaye kuona motokaa ikiruka, halimo. Ng'ombe aliyekata kamba, hayumo. Mtoto avukaye mbio kwenda kwa mama yake upande wa pili, hayumo. Mwelekezi atasoma kwamba njia ni wazi, na dereva atamwamini, kwa sababu kumwamini ndiyo kazi yake. Hivyo mtu aingiaye katika njia iliyofungwa huyageuza maandishi ya kweli kuwa uongo, na uongo huo huenda akaulipa kwa damu yake mwenyewe.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1986, huko Ureno, watazamaji walizoea kusimama katikati ya njia na kuruka kando motokaa ikifika. Siku moja motokaa ya Ford ilipoteza njia ikaingia katika umati. Watu watatu walikufa, na zaidi ya 30 wakaumia. Miezi michache baadaye dereva Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walikufa katika rali ya Corsica. Wakuu wa mashindano ya dunia wakayakataza yale magari yenye nguvu mno kuanzia mwaka uliofuata.

Kwa hiyo atakaye kutazama na atazame kwa akili. Asisimame upande wa nje wa kona, kwa maana huko ndiko motokaa iliyoshindwa huelekea. Asimame mahali palipoinuka, mbali na njia, nyuma ya kamba. Mifugo na ifungwe mapema, na mbwa pia. Kabla ya washindani hupita motokaa za waangalizi kuitazama njia, na mwisho kabisa hupita nyingine ya kufagia nyuma. Mpaka hiyo ya mwisho ipite, njia si ya watu. Motokaa ikipinduka, watu wasiikimbilie kwa fujo, maana nyingine yaja nyuma. Walio ndani wana ishara mbili: yenye neno OK, kuwajulisha wajao kwamba hawakuumia, na yenye SOS nyekundu, kuomba msaada. Mshindani aionaye hiyo nyekundu hana budi kusimama, hata kama alikuwa akielekea ushindini.

Hatari ya pili haionekani siku ya mashindano, bali juma lifuatalo. Kijana aliyetazama kona ya Naivasha hurudi katika barabara ya Nakuru, akiwa na matatu yenye abiria kumi na wanne, au pikipiki yenye mama na mtoto, naye ataka kuonyesha alivyojifunza. Amejifunza nini? Ameazima kasi ya yule dereva, lakini daftari hakuliazima. Barabara yake haikufungwa. Hakuipita kona hiyo mara mbili kwa utulivu akiandika. Hapana sauti masikioni mwake imwambiayo kwamba nyuma ya kilele mkokoteni wa maji umesimama. Hana vyuma vya kumkinga juu ya kichwa, wala mikanda ya kumfunga mabegani kama ya mshindani, na abiria wake hawakuomba kushindana na mtu.

Dereva wa rali mwenyewe, akitoka katika kipande cha mbio na kuingia barabara hiyo hiyo ya Nakuru, hupunguza mwendo, hufuata vibao, na husimama mbele ya shule watoto wapite. Mwelekezi wake hulifunga daftari, kwa kuwa barabara ya watu wote hubadilika kila saa wala haiandikiki. Mahali pasipo na maandishi, bingwa wa dunia huenda pole kama mwalimu aliye juu ya baiskeli yake. Mzazi mwenye kijana wa kuendesha motokaa na amwonyeshe jambo hilo kwanza, kabla hajamwonyesha vumbi.